Bondeni Kilombero, Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei ya Ekari

Kila ikikaribia msimu simu huanza. Mwalimu mpya aliyepangiwa Mlimba anataka kujua habari za nyumba. Mstaafu wa Dar es Salaam aliyepokea kiinua mgongo anauliza ekari ya mpunga inakodishwa shilingi ngapi. Kijana wa Morogoro mjini amesikia kwamba huku mtu anavuna gunia thelathini kwa ekari, anataka nithibitishe. Wote huuliza bei. Karibu hakuna anayeuliza maji, na bonde hili ni maji kabla halijawa ardhi. Nimewaona watu wazima wakilia pembeni ya mashamba yao kwa sababu hiyo, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimekulia Kongwa, Dodoma, kwenye mtama na alizeti, ambako mawingu yakitanda watu hutoka nje kushukuru. Mwaka 2019 nilihamishiwa Kilombero. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilikuwa bado kwenye ujenzi, vumbi kiangazi na tope masika, na kutoka Ifakara kuelekea Mlimba ilikuwa udongo mtupu. Niliingia na godoro, ndoo mbili na mtoto wa miaka mitatu. Anayekuja na mizigo mingi nitamshauri treni ya TAZARA, kwa sababu reli inapita bondeni humo humo, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita hadi Mlimba, na mara nyingi inapita wakati magari yamekwama. Ubaya wake ni ratiba. Chukua chakula cha kutosha na shuka la mtoto.

Wilaya yenyewe iko Mkoa wa Morogoro na ina halmashauri mbili, ya Mji wa Ifakara na ya Wilaya ya Mlimba. Upande mmoja una ukuta wa milima ya Udzungwa, kijani mwaka mzima. Ng'ambo ya mto ni Ulanga na Malinyi, na milima ya Mahenge inaonekana kwa mbali siku isiyo na ukungu. Katikati ni tambarare ambayo mimi, mtoto wa nyanda kavu, sikuwahi kuona mfano wake. Kutoka Udzungwa inashuka mito mingi, Lumemo unaopita Ifakara, Ruipa, Mngeta, Kihansi. Kutoka nyanda za juu za Njombe inakuja Mnyera na Ruhuji. Yote inaishia Mto Kilombero, nao ukikutana na Luwegu ndio unakuwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka kwetu, kwa hiyo hata lile Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 linanywa kutoka hapa.

Hilo la Njombe lishike vizuri. Mgeni huangalia anga la juu ya shamba lake. Anaona jua, analala. Kumbe mvua imenyesha siku kadhaa mfululizo huko juu, na maji yako njiani. Wenyeji wanapouliza habari za mvua hawaulizi ya kijijini peke yake. Wanampigia ndugu aliyeko upande wa Njombe, wanawauliza madereva wa malori, wanatazama rangi ya mto. Mto ukigeuka mwekundu na kuanza kubeba magogo, mwenye kibanda karibu na kingo anaanza kufunga mizigo.

Vijiji vimejipanga kando ya mlima, kwenye mstari wa barabara na reli, kwa sababu hapo ndipo penye ardhi iliyoinuka. Mashamba yanaanza nyuma ya nyumba na kuteremka taratibu hadi mtoni, mwendo wa saa mbili, tatu, hata zaidi kwa mguu. Mteremko wenyewe hauonekani kwa macho. Ukisimama unaona uwanda uliolala sawasawa. Lakini mwenyeji anajua kwamba kuna sehemu tatu, na kila moja ni nchi yake. Kuna kando ya mlima, ambako udongo ni tifutifu, mahindi, ndizi na kokoa vinastawi, na mpunga unategemea mvua au mifereji ya vijito. Kuna katikati, ambako maji husimama kiasi, hapo ndipo penye majaruba mazuri, yaani vitalu vya mpunga vyenye kingo za kuzuia maji, na ushindani mkubwa wa kukodi. Halafu kuna mbugani, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi hadi mguu unaingia kwenye nyufa, na masika unageuka ziwa.

Mshahara wa mwalimu na mtoto mdogo vilinifanya niwaze kulima mwaka ule ule. Nilishirikiana na mwalimu mwenzangu, naye mgeni kutoka Singida. Tulikuwa na fedha za ekari nne. Dalali alitupeleka kuona mashamba Septemba, wakati mbuga yote ni kavu na imechomwa moto, na kila shamba linafanana na jirani yake. Kando ya mlima ekari ilikuwa 120,000 kwa msimu. Mbugani ilikuwa 60,000. Mwenzangu alitaka zote nne mbugani, mimi niliogopa umbali kwa ajili ya mtoto. Tukagawanya, mbili juu, mbili chini. Ugawaji ule tuliufanya kwa kubishana tu, bila elimu yoyote, lakini ndio uliotufundisha bonde kuliko semina yoyote niliyohudhuria baadaye.

Nieleze gharama kama zilivyokuwa msimu huo wa 2019/2020 kwa ekari ya juu. Bei zimepanda tangu hapo, ila ukizijua zitakusaidia kupanga. Ukiacha kukodi, trekta la kulima lilikuwa 60,000, na haro ya kuvunja mabonge 45,000. Mbegu ya SARO 5 yenye lebo ilitugharimu 40,000. Dawa ya magugu pamoja na mpulizaji, 35,000. Palizi ya mkono, ambayo watu hudhani dawa imeifuta, 80,000, kwa sababu ndago na mpunga mwitu haviondoki kwa dawa. Mfuko wa Urea, 60,000. Kuamia ndege, 60,000 pamoja na chakula cha kijana. Kuvuna, kupiga na kupepeta, 120,000. Usafiri wa kila gunia haumo hapo. Pamoja na kukodi, ilivuka laki sita kwa ekari moja. Anayekuja na laki tatu akitegemea kwamba mengine yatajipa, ataishia kwenye mikopo ya kausha damu katikati ya palizi, au atauza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa. Hilo la pili limeenea sana kuliko watu wanavyokiri. Mfanyabiashara anakupa fedha Februari, Juni anakuja na lori lake kuchukua magunia. Ukipiga hesabu, umemuuzia kwa nusu.

Mvua za msimu ule zilianza mapema na hazikukata. Kufikia Machi shamba la juu lilikuwa linapendeza hadi wapita njia wanasimama kulitazama. La mbugani tulikuwa hatujaliona kwa muda kwa sababu njia ilikuwa imejaa. Aprili mwenye shamba, mzee wa Kindamba mwenye umri wa kumzaa baba yangu, alitupeleka kwa mtumbwi wa mti mmoja. Alisimama nyuma na upondo wake mrefu, sisi tumekaa chini tumeshika kingo. Tulipofika alipunguza mwendo akasema, "Walimu, shamba lenu ni hapa." Palikuwa na maji matupu. Ukitumbukiza mkono unaweza kugusa ncha za majani, laini, yameanza kuoza. Mwenzangu alijifunika uso na khanga. Ekari mbili, fedha za miezi ya kujinyima, na nusu yake alikuwa ameiazima kwa dada yake.

Mzee hakusema neno la kututuliza. Aliusukuma mtumbwi hadi kwenye mkuyu uliokuwa umesimama majini, akatuambia tutazame juu ya usawa wa maji. Kwenye shina palikuwa na mstari wa tope kavu, rangi ya majivu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Juu kidogo, kwenye panda ya tawi, nyasi zilikuwa zimesokotana na ndani yake kumenasa ndala ya mtoto, ya buluu, imepauka.

"Shikamoo tena babu, hii ni nini?" nilimwuliza.

"Marahaba mwalimu. Hapo ndipo maji yalipofika miaka ya nyuma. Mwaka huu bado hayajafika. Dalali alikuonyesha ardhi. Angekuonyesha miti."

Nimekwenda na ushauri huo miaka yote. Ukipelekwa kuona shamba bondeni, acha kutazama udongo kwanza, tafuta miti iliyo karibu. Mstari wa tope, takataka zilizonasa matawini, gome lililobadilika rangi upande mmoja. Ukiona alama iko juu ya goti lako, mpunga mfupi hapo utazama kabla haujatoa masuke. Ukiona hakuna mti hata mmoja, tazama vibanda vya zamani vilijengwa wapi na vimeinuliwa kiasi gani. Dungu lenye nguzo ndefu limejengwa na mtu aliyewahi kuamka ndani ya maji. Kisha waulize majirani wa shamba, na siyo mwenye shamba peke yake, maji hufika lini na huondoka lini. Uliza pia yanatoka upande gani, kwa sababu maji ya mto mkubwa hupanda polepole na hukaa wiki, wakati maji ya vijito vya Udzungwa huja usiku mmoja na mchanga, yanafukia miche, yanaondoka.

Shamba la juu lilitoa gunia 18 kwa ekari. Bei ya wakati wa mavuno ilikuwa 50,000 kwa gunia. Ukitoa gharama za juu na hasara ya chini, tulibaki na mchele wa kula na madeni kidogo. Mwenzangu aliapa kutorudi mbugani.

Sasa sikiliza kilichofuata. Msimu wa 2021/2022 mvua zilichelewa. Desemba ilipita na vumbi. Kando ya mlima watu walipanda, miche ikachomoza, ikakauka, wakapanda tena. Mbolea nayo ilikuwa imepanda hadi zaidi ya laki moja kwa mfuko, kwa hiyo wengi waliokuwa na miche hai hawakuwa na cha kuikuzia. Shamba letu la juu, lile lililotusitiri mwanzo, lilitoa gunia tano kwa ekari. Lile la mzee kule mbugani, ambalo nilikuwa nimeendelea kulikodi ekari moja kwa ubishi wangu na kwa kumheshimu yeye, lilipata maji ya wastani, yakaja kwa adabu, yakaondoka kwa wakati. Bila mbolea hata chembe, kwa sababu tope la mto lenyewe ni mbolea, nilivuna gunia 14.

Nilimwuliza mzee kwa nini hakutueleza mapema kwamba mtu anatakiwa awe na sehemu zote mbili. Alishangaa swali. Kwake ni jambo lisilohitaji maelezo. Baba yake alilima hivyo, babu yake alilima hivyo, kipande huku, kipande kule, na mtego wa samaki katikati. Mwaka wa maji mengi unakula wa juu na kambale. Mwaka wa maji machache unakula wa chini. Wageni ndio tunaokuja na fedha ya mara moja na kuiweka yote mahali pamoja kwa sababu tumeona bei nzuri. Kwa hiyo anayeniuliza leo akodi wapi, namwambia kama ana uwezo wa ekari tatu, azitawanye. Na kama ana uwezo wa ekari moja tu, atafute ya katikati hata kama ni ghali zaidi.

Mbegu nayo iendane na maji. SARO 5, ambayo vitabuni huitwa TXD 306, inazaa vizuri, inawahi, ila ni fupi na inataka maji unayoweza kuyaongoza. Iweke kwenye majaruba, ipandikize kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20 kama wanavyofundisha wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ifakara, kile ambacho wengi bado wanakiita KATRIN, uipe mbolea yake, utaona matunda. Supa ni ndefu, inachelewa, huwa inalala ukiipa mbolea nyingi, lakini inavumilia maji ya kina na harufu yake inauzwa yenyewe sokoni. Mbugani wenyeji hupanda Supa na mbegu nyingine ndefu za asili. Nilikuwa nadhani ni ukaidi wa kukataa utaalamu. Ni utaalamu. Ukiona majani yanageuka manjano kwa mabaka na mmea unadumaa, hicho ni kimyanga, ugonjwa wa virusi, na dawa ya kupulizia haitakuponyeshea shamba. Ng'oa, choma, na usichukue mbegu hapo.

Mambo ya kuishi mbugani huwa hayasemwi na madalali. Mpunga ukianza kujaza maziwa, kwelea kwelea wanafika kwa makundi, na lazima mtu awepo tangu alfajiri hadi jua linazama akipiga debe na kurusha mabonge ya tope. Usiku ni zamu ya nguruwe pori, na karibu na mto ni viboko. Ndiyo maana familia nzima huhamia kwenye vibanda vya shambani kwa miezi. Darasani kwangu Aprili na Mei madawati huwa wazi. Mwanzoni nilikuwa nawaita wazazi ofisini kwa ukali. Nilipoamia ndege mwenyewe niliacha ukali, nikaanza kuzungumza na kamati ya shule kuhusu chakula cha mchana, kwa sababu mzazi akijua mtoto atakula shuleni, yuko radhi kumwacha kwa bibi yake kijijini. Waliokubali wameongezeka. Bado hawatoshi, na linaniumiza, maana mtihani wa mtoto hausubiri mavuno.

Kuna usiku sitausahau. Mwanangu nilikuwa nimekwenda naye mbugani mwisho wa wiki. Jioni alikataa uji, usiku wa manane mwili ulikuwa moto hadi nikishika mkono wake naogopa. Simu haikuwa na mtandao. Njia ilikuwa na maji ya mapaja. Jirani wa kibanda cha pili, mama wa Kisukuma ambaye tulikuwa hatujawahi kusalimiana zaidi ya kupungiana mikono, alimwamsha mumewe, naye mumewe akambeba mwanangu mabegani hadi kwenye tuta, kisha pikipiki hadi zahanati. Kipimo kikaonyesha malaria. Alipewa dawa mseto, akapona, lakini mimi sikupona haraka ile hofu. Ifakara ina taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana duniani, iliyoanza miaka ya 1950, na imefanya kazi kubwa ya vyandarua vyenye dawa katika bonde hili hili. Elimu ipo. Tatizo ni kwamba chandarua hubaki kitandani kijijini na mtu analala kibandani bila kitu. Nunua cha pili, kiwe cha shambani. Mtoto wa chini ya miaka mitano usimlaze mbugani masika. Na kabla hujalala usiku wa kwanza, jua majirani zako kwa majina, na jua ni wapi mtandao unashika.

Nimemtaja mama wa Kisukuma, niseme na la mifugo. Wafugaji Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig wamehamia bonde hili kwa miaka mingi, wakafuata majani kama sisi tulivyofuata mpunga. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa ng'ombe, na makovu yake bado yapo kwenye mazungumzo ya watu. Ugomvi hutokea zaidi pale shamba linapofunguliwa kwenye njia ya mifugo ya siku zote. Kabla ya kukodi, nenda ofisi ya kijiji uulize kama kuna mpango wa matumizi bora ya ardhi, na mashamba yapo wapi na malisho yapo wapi. Kama hakuna, waulize wafugaji wenyewe ng'ombe hupita wapi kwenda kunywa. Mimi nafundisha watoto wa pande zote mbili. Wanacheza pamoja.

Lingine zito ni mipaka ya hifadhi. Bonde hili ni ardhioevu inayotambuliwa na mkataba wa kimataifa wa Ramsar tangu mwaka 2002, na limejulikana kwa muda mrefu kama makazi makubwa ya sheshe, aina ya swala. Mwaka 2023 lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, na ndani ya pori la akiba hakuna kilimo. Watu waliokodi mashamba mazuri karibu na mto wamejikuta hawana pa kuvuna, na fedha yao haikurudi. Mwenye shamba anaweza kuwa mkweli kabisa kwamba amelima pale tangu utoto. Ukweli wake hautakusaidia mbele ya askari wa wanyamapori. Omba kuona hati ya kimila. Kilombero, Ulanga na Malinyi zilikuwa wilaya za mradi wa serikali wa kupima na kumilikisha ardhi za vijiji, kwa hiyo wengi wanazo. Asiye nayo, basi mtendaji wa kijiji athibitishe kwa maandishi kwamba shamba liko ndani ya mpaka wa kijiji. Mkataba uandikwe ofisini, mbele ya majirani wawili wa shamba, utaje mipaka kwa vitu visivyohama, na useme nini kinatokea fedha ikishalipwa na shamba likashindikana kulimwa. Dalali akikuharakisha, mwache aende.

Masika ya 2024, baada ya zile mvua za El Niño, maji yalikuja kwa kiwango ambacho hata wazee waliinamisha vichwa. Barabara ilikatika, nyumba zikaingiliwa, tukafunga vipindi kwa muda na madarasa yakahifadhi familia. Mbugani hakuna aliyepata kitu. Sehemu ya katikati nayo ilikwenda. Kilichoniokoa ni kipande kidogo cha kando ya mlima, na magunia mawili ya mbegu niliyoyahifadhi nyumbani kwa jirani mwenye nyumba iliyoinuka. Mbegu isikae shambani, na isikae yote nyumba moja. Watu wengi waliokuwa na nguvu ya kupanda tena maji yalipopungua hawakuwa na cha kupanda, wakanunua nafaka ya sokoni ya kukobolewa, ikaota robo.

Kuhusu mbolea, tangu ruzuku ilipoanza mwaka 2022 unafuu upo, lakini lazima uwe umejiandikisha kijijini na namba yako isomeke kwa wakala. Wageni hulichelewesha hili hadi Januari, wakati foleni imeshakuwa ndefu na mifuko imeisha. Jiandikishe mara tu unapopata shamba, na simu uliyojiandikishia usiibadilishe laini.

Mavuno yana mitego yake. Kombaini zinakuja siku hizi na zinaokoa muda, ila hazishuki mbugani kukiwa na unyevu, kwa hiyo huko bado ni mundu. Mpunga ukivunwa mbichi ukafungwa kwenye gunia, mchele wake hukatika mashineni na mnunuzi anajua akiushika tu. Anika kwenye turubai, kamwe usianike barabarani, ugeuze, uume punje kwa jino hadi ikatike kwa mlio. Pima kwa mizani. Lumbesa imezuiwa kisheria, lakini bado mtu atakuja na gunia lililoshonewa kilemba na debe lililotutumuliwa kwa nyundo, na ukikubali umempa karibu debe zima bure. Tafuteni mizani ya kikundi. Sisi walimu watano tulichanga tukanunua moja, na wanunuzi wakaizoea.

Usiuze wote Juni. Juni kila mtu anadaiwa, kila mtu anauza, na bei inajua. Mwanzoni mwa 2023 mchele ulipopanda nchi nzima, gunia la mpunga huku lilivuka laki moja, na waliokuwa nalo ghalani walikuwa wafanyabiashara, wakulima walikuwa wachache. Kuhifadhi kunataka chumba kikavu, chaga za mbao chini ya magunia, paka, na ukaguzi wa kila wiki kwa ajili ya panya. Kunataka pia fedha nyingine ya kulipia madeni ya Juni, ndiyo maana narudia kwamba usianze na mtaji pungufu. Mavuno yaliyopita tuliuza nusu mara moja tukamaliza wadai, nusu tukaifungia hadi Januari, na tofauti ya bei ililipa trekta na haro za ekari zote tatu za msimu uliofuata.